Mnara wa Nyumba Pacha

Lifti ilikuwa nzima, taa yake inawaka, na mlango wake ulikuwa umefunguka wazi. Msanifu akaipita kana kwamba haipo.

"Jengo hili ukilipanda kwa lifti hujaliona," alisema, akashika njia ya ngazi.

Mpelelezi, ambaye kituoni walimbandika jina la Ngojangoja kwa sababu neno hilo halikuwa mbali na mdomo wake, aliitazama ile lifti kwa uchungu wa kweli. Magoti yalikuwa yanamuuma. Tangu wiki ianze hajalala usingizi wa maana, na faili alilobeba kwapani lilikuwa limekwisha kuandikwa na wenzake kila kitu isipokuwa sahihi yake. Mkuu wa kituo alitaka sahihi hiyo leo, kabla ofisi hazijafungwa, ili kesho asubuhi kijana apandishwe kizimbani kwa kosa la kumuua kaka yake.

"Nyumba ninayoitaka iko ghorofa ya kumi na moja," alijaribu kukumbusha.

"Najua iko wapi, baba. Niliichora mimi."

Msanifu alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Ngojangoja alikuwa amemwita kwa swali moja tu: je, reli ya ngazi za ndani kwenye zile nyumba ilikuwa imara? Mtu akiiegemea, inaweza kuachia? Swali lenyewe lilimuudhi yule mama, na sasa alikuwa amekata shauri kumlipiza kwa kumwonyesha jengo zima.

Basi wakapanda. Kila baada ya ghorofa mbili tatu mama alisimama, si kwa kuchoka, bali ili mgeni wake atazame. Alimwonyesha ukuta wa matofali ya matundu uliofuata ngazi tangu chini hadi juu, na jinsi upepo ulivyopita humo ukatokea upande wa pili bila feni. Alimwonyesha mwanga wa mchana unavyoshuka katikati ya jengo mpaka ghorofa za chini, hata koridoni pasihitajike taa mpaka jua lizame. Ngojangoja aliitikia tu kwa kichwa, maana pumzi ya kusemea hakuwa nayo. Lakini walipofika ghorofa ya saba, alipoegemea ukuta kupumzika, akaona ule mwanga umekaa sakafuni vipande vipande, umetulia, na upepo baridi ukampitia shingoni. Akajikuta anakubali kwamba ni jengo zuri. Aliona aibu kidogo kulipenda, akikumbuka kilichomleta.

"Sasa unaliona," Msanifu alisema.

"Naliona, mama. Ila na miguu yangu nayo inaniona."

Mama akacheka kwa mara ya kwanza, hasira zikampungua.

Kesi yenyewe haikuwa na mafumbo, na hilo ndilo lililomchosha. Ndugu wawili, mkubwa mfamasia na mdogo mpiga picha, walikuwa wamechukua nyumba mbili zilizopakana katika mnara huu mpya. Mkubwa alikuwa na mke na mtoto mchanga, mdogo alikaa peke yake. Wiki iliyopita wakwe za mkubwa walikuja kumwona mtoto, nyumba ikajaa, naye akahamia kwa mdogo wake kulala. Jioni ile ile ndugu wakagombana juu ya baba yao mgonjwa, nani akae naye. Mke wa mkubwa aliwasikia kupitia ukutani, na maneno aliyoyasikia yameandikwa kwenye maelezo yake: "Ondoka kwangu! Sitaki kukuona!" Usiku huo mkubwa alikutwa chini ya ngazi za ndani za nyumba ya mdogo, shingo imevunjika. Polisi walipofika, mdogo mtu alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha kaka yake mapajani, akasema, "Nimemuua mimi."

Ameendelea kusema hivyo kila anapoulizwa. Kwa Mkuu, huko ni kukiri na mambo yamekwisha. Kwa Ngojangoja, lilikuwapo jambo dogo lililomkwaza kama punje ya mchanga kwenye kiatu. Akiulizwa, "Ulimuuaje?" kijana hunyamaza. Si mkaidi, hafichi. Anamtazama tu muulizaji kana kwamba swali hilo halina maana.

Nyumba ya mdogo mtu ilikuwa na utepe wa polisi mlangoni. Ngojangoja akaufungua, wakaingia. Ilikuwa nyumba yenye ghorofa mbili ndani yake, sebule na jiko chini, chumba cha kulala na msala juu. Msanifu akaenda moja kwa moja kwenye reli, akaishika kwa mikono yote miwili na kuitikisa kwa nguvu ambazo Ngojangoja hakutegemea. Haikucheza.

"Haya. Njoo na wewe."

Ngojangoja akaitikisa. Akaiegemea kwa uzito wake wote, na uzito wenyewe haukuwa haba. Reli ikabaki vile vile. Basi hapo pakafungwa mlango mmoja aliokuwa ametumaini utafunguka, akaandika mstari mmoja kwenye faili, mkono mzito.

Akapanda juu kutazama tena alama. Nje ya chumba cha kulala, mkono wa kushoto ukiwa unatoka, kwenye ukuta mweupe usio na kitu, palikuwa na doa la mafuta lenye ukubwa wa kiganja. Maabara walikwisha sema ni kiganja cha marehemu. Mwenzake aliyeandika ripoti alieleza kwamba marehemu alijishika hapo huku akivutwa kuelekea ngazini, na ngazi kweli zilikuwa hapo hapo kushoto, hatua chache tu.

"Aliyekuwa akivutwa," Ngojangoja alisema, akijisemea zaidi kuliko kumwambia mama, "angeacha mburuzo. Mrefu. Vidole vingechora ukuta."

Msanifu akavaa miwani. "Hapa pameguswa mara nyingi. Tena mahali pamoja."

"Eeh. Amepiga, akapiga tena. Kama mtu anayebisha hodi kwenye ukuta." Akageuka. "Mama, taa ya huku juu inawashwa wapi?"

"Hapo kulia kwako. Ukitoka chumbani, mkono wako wa kulia unaikuta bila kutafuta. Nilipima mwenyewe. Msala nao ni huo huo upande wa kulia."

"Na kushoto hakuna kitu."

"Kushoto ni ngazi." Akasita kidogo, kisha fahari ikamshinda. "Lakini nyumba ya pili ni kinyume. Hizi nyumba ni pacha, baba. Zimeegemeana kwenye ukuta mmoja, na ndani ya ukuta huo mabomba yote yanapita, ya huku na ya kule. Kwa hiyo misala yote miwili lazima ikae kwenye ukuta huo. Huku iko kulia, kule kushoto. Nikaona basi nisiishie kwenye misala. Ngazi, jiko, milango, swichi, kila kitu nikakigeuza, kama mtu na kioo chake. Wenzangu waliniambia najichosha bure. Lakini ukisimama nje ukatazama madirisha, unaona raha yake."

Ngojangoja alikuwa ameacha kuandika.

"Kila kitu?"

"Hata bawaba za milango."

"Twende upande wa pili," alisema.

Mlango wa pili ulifunguliwa na mjane mwenyewe. Alikuwa msichana bado, macho yamevimba, nguo ina alama za maziwa begani. Mama yake alikuwa nyuma yake na mtoto mikononi, akamsalimu mgeni kwa sauti ya chini na kurudi kitini.

"Umekuja kuniambia ameshapelekwa mahakamani?" mjane aliuliza.

"Bado, dada. Pole sana. Naomba ruhusa niangalie juu, dakika moja tu."

"Juu kuna nini? Mume wangu hakufia hapa."

"Ndiyo maana nakuomba tu, silazimishi."

Akasogea pembeni shingo upande. Ngojangoja akapanda, akaingia chumba cha kulala, kisha akatoka humo kama mtu anayetoka kitandani. Swichi ilikuwa kushoto. Kuzunguka kifuniko chake cha plastiki, rangi nyeupe ya ukuta ilikuwa imelowa mafuta, doa juu ya doa, kwa urefu ule ule wa kifua cha mtu mzima.

"Ukuta wangu!" Msanifu alisema, akatoa leso. "Hawajamaliza hata mwaka..."

"Usiguse!"

Mkono wa mama ukabaki hewani. Kisha Ngojangoja akaita chini, taratibu, "Dada, samahani. Hapa kwenye swichi kuna mafuta. Ya nani?"

Mjane alipanda ngazi nusu. "Ya mtoto. Baba yake ndiye humpaka, kila usiku kabla hajalala. Humpaka, halafu anashika kila kitu kwa mikono ile ile. Nimegombana naye mpaka nimechoka." Akajisikia amesema kana kwamba mume yupo, akafumba mdomo.

"Na usiku ule alimpaka?"

"Alimpaka, akanipa mtoto, akaenda kule kulala."

Ngojangoja akakaa kwenye ngazi. Akamweleza. Alisema polepole, bila kutia chumvi, kwamba mumewe aliamka usiku kwenda msalani, usingizi haujamtoka, akadhani yuko kwake. Mkono ukatafuta swichi kushoto, haukuipata. Akapapasa, akapapasa, akakata tamaa na taa, akaenda gizani upande ambao kwake ndiko kwenye msala.

"Na kule ni ngazi," alimalizia.

Mjane alimsikiliza mpaka mwisho, macho makavu.

"Kwa hiyo mume wangu alikuwa hajui kulia na kushoto."

"Sijasema hivyo, dada."

"Mfamasia mzima. Anapima dawa za watu kwa matone. Halafu apotee kwenye nyumba ya mdogo wake ambayo ameiingia kila siku?" Alipanda ngazi moja zaidi. "Nilimsikia kwa masikio yangu akimfukuza. Na mwenyewe amesema amemuua. Wewe unamtetea kwa nini? Amekupa nini?"

"Mchana na macho wazi asingepotea. Nasema usiku."

"Maneno."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Madoa mawili ya mafuta na mchoro wa mama mmoja, Mkuu angeyapuliza kama vumbi la mezani. Simu ya Ngojangoja ikatetemeka mfukoni, na alijua ni nani kabla ya kuitoa.

"Uko wapi na faili?" Mkuu aliuliza.

"Kwenye jengo. Ngoja kidogo, mkuu."

"Tumengoja vya kutosha. Ofisi ya mashtaka wanafunga. Weka sahihi ulete, au mwenzako aiweke." Simu ikakatwa.

Ngojangoja akairudisha simu mfukoni, akamwangalia mjane. "Dada, nisaidie kitu kimoja, halafu sitakusumbua tena. Kule kwa shemeji yako, chumbani, kuna vitu vya mumeo ambavyo polisi waliviacha. Njoo unionyeshe vipi ni vyake."

Alikwenda, kwa ajili ya vile vitu. Vilikuwa vichache. Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda, vimepangwa pamoja. Suruali ilikunjwa kitini. Mjane aliishika ile suruali, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaiweka mapajani, na hakuhitaji kusema ni ya nani.

Ngojangoja akatoka nje ya chumba na kuuvuta mlango, bila kuufunga. Nia yake ilikuwa kujaribu mwenyewe tu, kuona giza la pale linakuwaje, ili aandike kitu chenye uzito kidogo. Akachukua mablanketi mawili kabatini na kumwomba Msanifu amsaidie kuyatundika kwenye ukuta wa matundu ulioingiza mwanga pale juu.

"Unaziba mwanga wangu," mama alinong'ona, lakini akashika ncha ya pili.

Pakawa giza la kutosha kumficha mtu mkono wake. Ngojangoja alipochungulia chumbani kumwambia mjane asishtuke, akamkuta ameangukia ubavu kwenye mto, suruali ya mumewe kifuani, amelala. Hakulala kwa kutaka. Ulikuwa usingizi wa mama mwenye mtoto mchanga na msiba, ule unaomwangusha mtu kama ngumi.

"Mwamshe," Msanifu alinong'ona.

"Ngoja. Mwache. Huyu hajalala tangu siku ile."

Wakakaa gizani, yeye akiwa amejiweka makusudi kwenye ngazi ya juu kabisa, mama akiwa ameegemea ukuta wa pili. Ofisi ya mashtaka ilikuwa inafungwa. Ngojangoja alijua, na akagundua kwamba amechoka mno hata kuogopa. Upande wa pili wa ukuta mabomba yalipitisha maji, yakanyamaza.

Ndipo mtoto akalia.

Sauti ilipenya ukutani nyembamba, kali. Ndani ya chumba kitanda kikalalamika, miguu mitupu ikagusa sakafu, mlango ukasukumwa. Mjane alitoka mbio akiwa bado usingizini. Mkono wake wa kushoto ukanyooka bila kusita na kupiga ukuta, pap. Ukapiga tena. Ukapapasa, ukapiga mara ya tatu. Kisha, kwa kuwa mtoto analia na mama hawezi kungoja taa, akageukia kulia, upande wa ngazi za nyumbani kwake, akajikuta amesukuma mlango. Ulikuwa mlango wa msala. Aligonga paji la uso kwenye ukingo wake, akasimama kati ya sinki na ukuta, akinyoosha mguu kutafuta ngazi ambayo haikuwapo.

Hakuna aliyesogea. Msanifu aliweka mkono mdomoni.

"Ngazi ziko wapi?" mjane aliuliza, kwa sauti ya mtoto. Na hapo hapo akaamka kweli.

Ngojangoja akainuka, akawasha taa upande wa kulia, ilikokuwa tangu mwanzo, akarudi kusimama mbele ya ngazi. Mjane alitazama sinki. Akamtazama yule mwanamume mzito aliyesimama mbele ya ngazi. Akarudi polepole mpaka mlangoni mwa chumba, akautazama ukuta wa kushoto, kisha kiganja chake mwenyewe. Kilikuwa kinang'aa mafuta. Alikuwa amepiga juu ya doa la mumewe hasa, wala hakukosea hata kwa upana wa kidole.

"Mimi nilikuwa naenda chini," alisema, akitamka kila neno peke yake. "Kwa hiyo nikaja msalani. Yeye alikuwa anaenda msalani."

"Ndiyo, dada."

Akateleza na ukuta mpaka chini na kulia kwa sauti, kiganja kile amekifumba ili kisiguse kitu kingine. Msanifu alikaa sakafuni karibu naye. Alipoinua uso kumtazama Ngojangoja, alikuwa amezeeka.

"Ningeweka swichi zote upande mmoja," alisema. "Swichi tu. Isingeharibu kitu."

"Hukumsukuma mtu, mama."

"Sijasema nilimsukuma. Nasema ningeweza kuziweka." Akaivua miwani na kuiachia ining'inie. "Nyie andikeni. Mimi nitatia sahihi mnachotaka."

Safari hii walishuka kwa lifti, wote watatu, na mtoto mgongoni mwa mama yake, kwa sababu mjane alikataa kubaki. Maelezo yale ni yake, alisema, na atayabadilisha yeye mwenyewe, mbele ya macho ya shemeji yake aliyemsingizia. Mkuu alifoka, akasoma, akafoka tena kwa sauti ndogo zaidi, na mwishowe akatupa kalamu mezani na kusema waende wakamsikie mtuhumiwa, halafu ataona.

Kijana aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa hajanyoa, na alipomwona shemeji yake na mtoto, alirudi nyuma hatua moja. Ngojangoja akamvutia kiti.

"Leo sikuulizi ulimuuaje," alimwambia. "Nakuuliza ulisikia nini usiku ule."

Kijana aliketi.

"Nilisikia anatoka chumbani. Nikajua anaondoka. Nilimwambia aondoke, si ndiyo? Nilimwambia ondoka kwangu." Akamtazama mtoto. "Nilikuwa macho, nimelala kwenye kochi hapo chini. Ningeweza kusema, kaka, rudi ulale. Neno moja tu. Nikanyamaza, nikasema aende. Basi akaenda kwa hasira gizani, akaanguka. Nani mwingine amemuua?"

"Viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda," Ngojangoja alisema. "Suruali yake kitini. Alikuwa anaondoka kwenda wapi na nguo ya kulalia, hana viatu?"

Kijana akainua macho.

"Alikuwa anaenda msalani, mwanangu. Alitafuta swichi mahali ilipo kwake, na msala mahali ulipo kwake. Hakuwa anaondoka. Alikuwa anadhani yuko nyumbani."

Kijana alimtazama shemeji yake, kana kwamba yeye peke yake ndiye angeweza kuamua kama maneno hayo ni ya kweli. Mjane akaitika kwa kichwa.

"Hata mimi leo nimepotea pale pale," alisema. "Nimegonga mlango wa msala natafuta ngazi. Nisamehe, shemeji."

"Kwa hiyo hakuwa na hasira na mimi?"

Kijana aliinamisha kichwa, akakikuna, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe akasahau wapi.

"Alikoroma," alisema taratibu. "Usiku ule. Mimi niko chini sijapata usingizi, nawaza maneno tuliyotupiana, namsikia juu anakoroma. Nikazidi kukasirika. Nikasema, yaani huyu ameweza kulala."

"Akikukasirikia halali," mjane alisema. "Miaka yote niliyokaa naye, akikasirika halali kabisa. Anatembea tembea mpaka asubuhi."

Kijana akaweka mikono yote miwili usoni, na kwa mara ya kwanza tangu alipokamatwa, akamlilia kaka yake.